Watu Thelathini na Mmoja wa Kwenye Droo

Sehemu ya sita

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, karibu, ila usitegemee kukutana na mtu mwema. Naitwa Specioza. Ni fundi simu hapa Utende, mzaliwa wa Bukoba. Nililetwa Mafia na mume ambaye baadaye aliamua kuondoka peke yake, akaniachia chumba kimoja na feni isiyozunguka.

Wiki zilizopita nimekueleza jinsi kampuni moja ya utafiti ya Dar es Salaam ilivyonipa kazi. Walitaka watu sitini wa kisiwa cha Juani wajibu maswali kwa njia ya mtandao, kila mtu kwa kidole chake, kuhusu maisha yao ndani ya hifadhi ya bahari. Nikapata ishirini na tisa wa kweli. Siku zikaniishia, mtandao Juani unakuja na kuondoka, na mimi nilishasema ninaweza. Wale thelathini na mmoja waliopungua nikawatengeneza mwenyewe, kwa simu za wateja zilizokuwa kwenye droo yangu zikisubiri vioo na spika.

Ndiyo, simu za watu. Waliniachia kwa kuniamini.

Tuliachana pale ujumbe ulipoingia: "Nakuja Mafia kesho. Karibu nusu ya sampuli yako ya Juani ni feki. Godlove."

Godlove ndiye aliyekuwa mkaguzi wa ubora wa majibu kule ofisini. Kazi yake ni kunusa watu wa uongo.

Basi akaja. Saa nane mchana akaingia kibandani kwangu na begi la kompyuta amelikumbatia kifuani, shati limenyooka, jasho linamtiririka. Kijana mpole, mstaarabu. Mimi nilishajiandaa kulia. Nilishapanga hata kilio chenyewe nitakianzia wapi.

"Dada Specioza, pole na kazi."

"Nishapoa. Kaa hapo kwenye kiti, hicho kingine kina msumari."

Akakaa, akafungua kompyuta, akaigeuza upande wangu. Safu ya majina, mengine yamepakwa nyekundu.

"Hawa wekundu ni ishirini na tisa," akasema. "Wote natupa."

Ishirini na tisa? Mimi nilijua feki zangu ni thelathini na moja. Nikasogea nisome. Mwanasiti, Jumanne, Arafa, Faraja. Mama yangu wee! Walikuwa wale wa kweli.

"Na hawa weusi?" nikauliza.

"Hawa thelathini na mmoja? Hao dhahabu, dada. Tangu nianze kazi hii sijaona sampuli ya kijijini safi namna hii. Kila mmoja kajibu kwa wakati wake, katulia, hajakurupuka. Wengine mpaka wamekosea herufi kidogo, kama binadamu. Hawa ndio watu."

Hao ndio watu! Mimi ndiye niliyewapa kazi. Mimi ndiye niliyewapa wake na watoto. Mmoja nilimpa hata mguu mbovu ili asifanane na jirani yake. Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni.

"Sasa hawa wekundu wamekosa nini?"

"Swali la kumi na saba."

Akalisoma kwa sauti, taratibu, kama mwalimu wa darasa la pili: "Je, umewahi kutoka kisiwa kimoja kwenda kisiwa kingine kwa kutembea kwa miguu?"

Nikachukua bisibisi, nikajifanya nafungua simu.

"Ni swali la mtego," akaendelea. "Tumelipandikiza makusudi. Mtu anayesoma anajibu Hapana. Anayejibu Ndiyo anabonyeza ovyo, au ni mashine. Na hawa wote ishirini na tisa, dada, wote, wamejibu Ndiyo. Nani anatembea juu ya bahari? Petro mwenyewe alizama."

Akacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe.

Sasa sikiliza, wewe usiyeijua Mafia. Bamvua likija, zile siku za maji makubwa za mwezi mchanga na mwezi mpevu, bahari hupwa kati ya visiwa vya Chole na Juani mpaka mchanga unabaki wazi, na kinachosalia ni mkondo wa maji ya magotini. Watu wa Juani huvuka hapo kwa miguu yao kwenda Chole kuzika, kuoza mabinti, kununua sukari. Huko Dar aliyetunga swali hilo alitazama ramani, akaona visiwa viwili na rangi ya buluu katikati, akajua amepata uongo ambao hakuna mtu angeukubali.

Nilikuwepo barazani kwa Bi Mwanamkuu siku walipojibu. Bi Mwanamkuu ni mvuvi wa pweza, mama wa makamo, na ndiye aliyenilaza kwake wiki tatu nilipougua mwaka ule nilioachwa. Ananiita mwanangu na hatanii. Swali la kumi na saba lilipofika akapiga kofi.

"Kuvuka kwa miguu? Kila bamvua! Huyu binti yangu Arafa uchungu wake ulinishika katikati ya mkondo, nikafika Chole nimeshikiliwa kwapani. Andika Ndiyo, tena andika mara mbili."

Wakacheka wote, wakabonyeza Ndiyo, nami nikacheka nao. Siku hiyo nilikuwa sijasoma mwongozo walionitumia ofisini. Niliusoma baadaye, nilipotaka kujua feki zangu zipite wapi. Nikaona mstari ule wa mtego, nikajua watu wa kweli wamejikwaa hapo, ila nikadhani swali moja haliwezi kumtupa mtu. Ningepiga simu ofisini dakika ileile, yangeisha. Nikajisemea nitapiga kesho. Feki zangu nikaziwekea Hapana, thelathini na moja, na kesho yenyewe haikufika.

Na sasa Godlove yuko mbele yangu, anangoja nimsifu kwa werevu wake.

Utaniuliza, kwa nini usimwambie palepale? Nilitaka. Ulimi ulishainuka. Halafu nikaona shimo lilivyochimbwa. Nikimwambia kwamba watu wa Juani huvuka kweli kwa miguu, atageuka aniulize swali moja tu: mbona hawa dhahabu wako, majirani wa wale wale, wanaopanda na kushuka njia ile ile, wote hawajawahi kuvuka hata siku moja? Siwezi kuwafungua wa kweli bila kujifunga mimi.

"Basi tuna bahati," Godlove akasema. "Thelathini na mmoja wanatosha kwa kisiwa kile. Na msimamo wao umenyooka. Ona swali la ishirini na mbili."

Swali la ishirini na mbili nilikuwa nalijua. Lilihusu Mwamba Kombe, ule mwamba wa upande wa nje wa Juani ambako wanawake huchokoa pweza. Je, unakubali mwamba ufungwe kwa miaka mitatu? Mashirika hupenda kukubaliwa, na Nakubali ndilo jibu lililokuwa juu, karibu na kidole. Nilibonyeza Nakubali mara thelathini na moja huku natafuna muhogo.

Wale ishirini na tisa walisema Sikubali. Wote. Walisema miezi michache sawa, wamezoea kuupumzisha wenyewe, lakini miaka mitatu watoto watakula nini?

"Asilimia mia wanakubali," Godlove akasema. "Ripoti imeshakwenda kwa wafadhili. Jumamosi inasomwa mbele ya kijiji, na mwamba unafungwa mwezi ujao. Kilichobaki ni utaratibu tu. Niwaone watatu kati ya hawa kwa macho, waweke kidole kwamba walijibu wao. Kompyuta imeshachagua. Tunaanza na huyu."

Akaweka kidole kwenye kioo. Mwanamkuu, miaka hamsini na minane.

Siku ya barazani Bi Mwanamkuu alijibu kwa simu ya mjukuu wake, kwa sababu ya kwake ilikuwa kwangu, spika imekufa. Nami nilipokuwa najaza feki, ya kwake niliitoa kwenye droo pamoja na nyingine, sikutazama hata ni ya nani; jina na umri kompyuta ikavichukua yenyewe kwenye usajili wa laini. Mtu mmoja, kajibiwa mara mbili. Kwa mdomo wake ametupwa kama mwongo, kwa kidole changu amekuwa dhahabu.

Nikajipa moyo. Nikasema nitawahi kufika mimi, nitamshika pembeni, nitamwangukia miguuni, liwalo na liwe. Na kitu kimoja nilikiapia: Godlove asiuone mkondo ukiwa mkavu. Bamvua lilikuwa limeanza. Nikamwambia Shamte, mwenye boti, tuondoke alfajiri maji yakiwa bado yamejaa, tuteremke Juani penyewe.

"Alfajiri ya saa ngapi?" Shamte akaniuliza.

"Saa kumi na mbili kamili."

"Huyo mgeni wa Dar ataamka?"

"Ataamka."

Hakuamka. Saa kumi na mbili nikapiga, haipokelewi. Saa moja akapokea, akasema anaoga. Saa mbili akasema ana kikao na ofisi kwa video, dakika kumi tu. Dakika kumi za watu wa ofisini unazijua. Mimi nimesimama ufukweni natazama bahari ikirudi nyuma, na kila ilipoacha mchanga mpya nilihisi kama kuna mtu ananivua nguo.

Saa tatu na nusu akatokea, ananukia sabuni.

"Samahani, dada. Twende."

Shamte akanitazama. "Sasa tutaishia Chole," akasema. "Mbele huko maji hakuna."

"Tuahirishe," nikasema haraka. "Twende jioni, maji yakirudi."

"Jioni nina ndege," Godlove akasema. "Ukifika Chole kunakuwaje?"

Nikamkazia Shamte macho, nikamkazia mpaka yakaniuma. Shamte naye, mtu wa watu, hana baya na mtu, akajibu kwa furaha: "Si tunateremka tunavuka kwa miguu? Karibu tu hapo!"

Godlove akapanda botini. Nadhani alidhani ni utani wa mabaharia.

Tukafika Chole. Tukakatiza kisiwa mpaka upande wa pili, nikiwa wa mwisho, natembea kama napelekwa. Tukatoka kwenye mikoko, na mbele yetu bahari haikuwepo. Mchanga, madimbwi, na watu. Mama mmoja na ndoo kichwani. Mzee anakokota baiskeli. Wanafunzi wawili wamening'iniza viatu shingoni. Wote wanatoka kisiwa kimoja kwenda kingine, kwa miguu.

Godlove akavua viatu. Akakunja suruali. Akaingia. Hatua mia, mia mbili, maji yanamfika kwenye vifundo, halafu magotini. Katikati ya mkondo akasimama, akageuka nyuma kuitazama Chole, akageuka mbele kuitazama Juani.

"Dada Specioza."

"Abee."

"Hapa tuko wapi?"

"Katikati."

"Katikati ya nini?"

Nikainama. "Ya bahari."

Halafu uso ukamchangamka, maskini, akafurahi kweli. "Kumbe! Basi wale ishirini na tisa hawakukosea! Swali letu ndilo la kijinga! Mbona hukuniambia jana? Tunawarudisha wote, tunakuwa na watu sitini kami—"

Hakumaliza neno. Nilimwona akifika pale nilipofika mimi jana yake. Furaha ikamtoka usoni polepole.

"Na wale thelathini na mmoja?" akauliza.

Nikageuka kuitazama Chole tulikotoka.

"Dada. Wale wengine ni akina nani?"

"Godlove, mdogo wangu..."

"Usiniite mdogo wako. Ulitumia simu za watu?" Sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Ripoti ina jina langu. Nimeisaini mimi kwamba nimeikagua. Unajua nina miezi mingapi kazini?"

Shamte alikuwa amesimama kando, anajifanya anatafuta kaa.

"Nisikilize," Godlove akasema. "Bibi huyu wa kwanza akiniambia kwa mdomo wake kwamba alijibu yeye, mimi nafunga faili na sitauliza tena. Akisema hakujibu, sina pa kukuficha. Ni simu za watu hizo. Leo leo utalala polisi Kilindoni, na mimi kazi sina."

"Nani analala polisi?"

Tukageuka wote. Bi Mwanamkuu alikuwa anashuka mkondoni kutoka upande wa Juani, kanga ameifunga kibwebwe, kikapu begani, chuma cha pweza mkononi. Alikuwa anakwenda Chole kuuza. Sikupata hata nafasi ya kumkonyeza.

"Mwanangu! Mbona umekonda hivyo? Hamli huko Utende?"

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Na huyu mgeni?"

"Shikamoo, bibi," Godlove akasema.

"Marahaba, baba. Karibu sana. Angalia usikanyage vile vyeusi, vina miiba. Nani huyo mnayetaka kumpeleka polisi?"

Godlove akatoa simu, akamsomea namba. "Bibi, namba hii ni yako?"

"Yangu hiyo. Ila simu yenyewe iko kwa huyu fundi wangu mwezi wa pili sasa. Ananizungusha na spika."

Nikafumba macho.

"Mwezi wa pili," Godlove akarudia. "Na majibu yametumwa wiki tatu zilizopita. Kwa hiyo bibi, si wewe uliyejibu kwa simu hii. Ni yeye."

Maji yalikuwa yanapita baridi katikati ya miguu yetu. Nilifumbua macho nikamkuta Bi Mwanamkuu ananitazama, na nikajua ameelewa. Si yote. Ameelewa kwamba mwanawe amefanya jambo, na kwamba jambo lenyewe lina polisi ndani yake.

"Ala!" akasema. "Kwani mimi siwezi kwenda Utende? Nilikwenda dukani kwake, nikaiomba simu yangu, nikajibu palepale, nikamrudishia. Spika ndiyo mbovu. Kioo kizima."

Yule mama ambaye barazani kwake aliniambia niandike ukweli mara mbili!

Godlove naye hakuwa mtoto. "Na swali la kutembea kwa miguu kutoka kisiwa hadi kisiwa? Humu imeandikwa ulijibu Hapana."

Bi Mwanamkuu akajitazama miguu. Tope lilikuwa limemfika magotini, na maji yanamchuruzika. Shamte akakohoa.

"Nilijibu Hapana," akasema. "Mtu mzima kama mimi nitavukaje bahari kwa miguu? Nina wazimu?"

Godlove akamtazama usoni, akaitazama ile miguu, akamtazama tena usoni. Nilingoja acheke au apige kelele. Badala yake akafungua begi, akatoa tableti, akaifuta kwa mkono wa shati.

"Nashukuru, bibi," akasema kwa sauti ya uchovu. "Majibu mengine yote ni kama ulivyojibu siku ile. Weka kidole gumba hapa chini, uthibitishe."

Majibu mengine yote. Swali la ishirini na mbili lilikuwa humo, na Bi Mwanamkuu hajui. Anadhani ananiokoa mimi tu. Hajui kwamba anaufunga Mwamba Kombe kwa miaka mitatu kwa kidole chake mwenyewe, yeye na Arafa na Mwanasiti na wanawake wote wa Juani, na kwamba Jumamosi watasomewa mbele ya kijiji kwamba walikubali. Nikisema neno moja, mwamba umepona, na mimi nakwenda ndani, na huyu kijana anakwenda barabarani. Nikinyamaza, narudi Utende jioni kuuza vocha.

Bi Mwanamkuu akaninyooshea kikapu nimshikie. Kulikuwa na pweza watatu ndani, mmoja bado anajivuta. Akapangusa kidole gumba kwenye kanga, akakitazama kama kimetakata, akapangusa tena.

Machozi yakanitoka. Sikuyapanga hayo.

"Usilie, mwanangu," akasema. "Kidole tu hiki. Hakiniumi."

Akakipeleka kwenye kioo. Nikaachia kikapu kikaangukia majini, nikamdaka mkono.

Godlove hakuniuliza kwa nini. Tableti ameishikilia vilevile, macho yamemwiva.

"Dada," akasema, "amua."